Hita Inapuliza Baridi: Shika Mipira Miwili Kabla ya Kununua Spea

Kila mwaka masika yakiisha na ubaridi wa mwezi wa sita ukitua Arusha, maswali yanakuwa yale yale. "Kaka, hita yangu inapuliza baridi, nijaze gesi?" "Fundi, nimeambiwa rejeta ya hita imekufa, utanipatia ya IST?" Anauliza dada wa Njiro anayepeleka watoto shule alfajiri, anauliza dereva wa watalii aliyelala Karatu, anauliza mzee wa Marangu mwenye Noah. Nimejibu kwa simu mpaka nikaona bora niandike mara moja, ili ujipimie mwenyewe nyumbani kabla hujatoa hata shilingi.

Kwa anayepanda Ngorongoro hili si suala la starehe. Ukingo wa kreta uko kama mita 2,300 kutoka usawa wa bahari. Ukivuka geti la Lodoare asubuhi, nje kuna ukungu, ndani kuna pumzi za abiria saba, na kioo cha mbele kinaziba kama kimepakwa maziwa. Upande mmoja wa barabara ni bonde. Pale hita ndiyo inayokuonyesha kona.

Nadharia ni hii tu: hita haina gesi. Gesi ni ya AC. Hita inatumia maji ya moto ya injini. Mipira miwili inatoka kwenye injini, inapita ukuta wa bati ulio mbele ya miguu yako, na kuingia kwenye rejeta ndogo iliyofichwa chini ya dashibodi. Feni inapuliza upepo kupita kwenye rejeta hiyo, upepo unatoka na joto. Kwa hiyo ukipata baridi, ama maji ya moto hayafiki kule, ama yanafika lakini upepo haupiti penyewe. Hakuna sababu ya tatu.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Gari lililolala usiku kucha, injini ya baridi kabisa
- Tochi, au taa ya simu
- Kitambaa kizito au glovu
- Bisibisi bapa na plaizi kwa ajili ya klipu za mipira
- Spana namba 10 na 12, ukifika kwenye thamostati (kilango cha maji, hatua ya 6)
- Lita 5 za maji safi, au kulanti (maji ya rangi ya kupozea injini) ya aina iliyomo kwenye gari lako
- Beseni la kukingia maji
- Mtu wa kukaa kwenye usukani akukanyagie mafuta ukimwambia

Kama una sufuria ya zamani na kipimajoto cha jikoni, viweke karibu. Vitakufaa mbele.

Maonyo, na tafadhali usiyaruke

Usifungue mfuniko wa rejeta injini ikiwa ya moto. Kwa urefu wa Arusha, kama mita 1,400, maji ya sufuriani yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, wala si 100. Ndani ya rejeta yanaweza kufika 100 bila kuchemka kwa sababu mfuniko unayabana. Ukiufungua, mbano unaondoka, na maji yote yanachemka kwa mkupuo na kukurukia usoni. Nimeona kijana aliyeungua kifua hivyo. Alikuwa ameshika kitambaa, na kitambaa hakikumsaidia.

Feni ya umeme inaweza kuanza kuzunguka yenyewe hata ukiwa umezima injini. Weka mikono, mtandio na nywele mbali.

Kulanti ni sumu, na ina utamu. Mbwa na kuku wanainywa, mtoto pia anaweza kuionja. Iliyomwagika isuuze kwa maji mengi, na ya kwenye beseni usiiache uani.

Na usiwashe injini ndani ya gereji iliyofungwa eti kwa sababu nje ni baridi. Moshi wa gari unaua mtu kimyakimya.

Hatua kwa hatua

1. Angalia maji, injini ikiwa baridi. Fungua mfuniko wa rejeta yenyewe. Usiishie kwenye kopo la akiba, maana kopo linaweza kuwa limejaa huku rejeta ina upungufu: mfuniko ukichoka au kampira ka kopo kakitoboka, maji hayarudi. Unatakiwa uyaone maji shingoni kabisa. Kama huyaoni, huenda umeshapata jibu, kwa sababu kwenye magari mengi mipira ya hita inapita juu, na maji yakipungua hewa inakimbilia huko kwanza. Injini bado haijachemsha, mshale uko sawa, lakini hita imekwisha kufa. Hita ya baridi mara nyingi ndiyo taarifa ya kwanza kwamba gari linapoteza maji. Jaza, kisha nenda hatua ya 7 ukatoe hewa. Lakini jiulize pia maji yalikwenda wapi.

2. Angalia kama hita haijakatwa. Fungua boneti, mulika tochi nyuma ya injini, tafuta mipira miwili yenye unene wa kidole gumba inayoingia ukutani. Unaweza kukuta haiingii! Rejeta ndogo ikianza kuvuja, mafundi wengi wanaunga mpira mmoja kwa mwingine kwa kipande cha bomba, au wanaweka mpira mmoja wenye umbo la U, maji yanazunguka bila kuingia ndani. Gari linauzwa, mwenye mpya hajui. Kama ni hivyo, usipime kitu kingine. Dawa ni rejeta ndogo nzima na mipira yake.

3. Washa gari na upange swichi. Kitufe cha joto kwenye nyekundu mpaka mwisho, AC imezimwa, upepo uende miguuni, feni namba moja. Usiweke feni namba nne mwanzoni. Injini bado inajitafuta, utapata upepo wa barafu na kuhukumu vibaya.

4. Subiri injini ipate moto kweli. Endesha dakika 10 hivi. Dizeli ikisimama bila mzigo inachelewa mno kupata moto, kwa hiyo usiipimie nyumbani ikiwa imesimama tu. Mshale wa joto ukae karibu na katikati. Vitz na Passo nyingi hazina mshale, zina taa ya bluu yenye alama ya kipimajoto, nayo inatakiwa izime. Kama mshale unabaki chini, au taa ya bluu inazima ukipanda na kurudi kuwaka ukishuka mlima, ruka moja kwa moja hadi hatua ya 6. Umeshampata mwizi.

5. Shika ile mipira miwili. Hii ndiyo hatua kubwa, na watu wanaiogopa bure. Simamisha gari, vuta hendibreki, injini iendelee kuunguruma. Gusa kwanza haraka kwa ncha ya kidole, kisha shika. Mpira wenye maji ya moto yanayopita huwezi kuushika ukahesabu mpaka tano. Mpira wa vuguvugu unaushika kama kikombe cha chai kilichosahaulika.

Yote miwili ni ya moto: maji yanafika na kurudi. Tatizo liko ndani, kwenye kipande kinachogawa upepo. Nenda hatua ya 9.

Mmoja wa moto, mwingine baridi au vuguvugu: maji yanaingia hayatoki. Ama koki ya hita imefungwa, ama rejeta ndogo imeziba. Nenda hatua ya 8.

Yote miwili baridi, na mshale uko katikati: kuna hewa, maji hayatoshi, au wota pampu, ile pampu inayozungusha maji ya injini, haisukumi. Nenda hatua ya 7.

Yote miwili vuguvugu, na mshale uko chini: thamostati.

6. Thamostati. Hapa niruhusu niseme kwa kirefu, kwa sababu kwa magari yanayofika kwangu hii ndiyo sababu ninayokutana nayo zaidi, na ni sababu ya kutengenezwa na watu.

Thamostati ni kilango kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta kubwa mpaka injini ipate moto. Za Toyota nyingi zimeandikwa 82, maana yake zinaanza kufunguka kwenye nyuzi 82. Gari likichemsha mara moja, fundi anaitoa, anaitupa na kukwambia, "Huku kwetu ni joto, hii ya Wajapani na theluji yao." Mteja anashukuru. Gari haliwi na kilango tena: maji yanapoa muda wote, injini inafanya kazi ikiwa baridi, mafuta yanaliwa zaidi, oili inachafuka mapema, na hita inakufa. Ukishuka kutoka Karatu kwenda Mto wa Mbu mguu ukiwa nje ya mafuta, upepo wa hita unageuka baridi kabisa.

Tena haisaidii hata hilo la kuchemsha. Injini nyingi zina njia ya mkato ambayo thamostati ikifunguka inaiziba, ili maji yote yapite kwenye rejeta. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupozwa. Gari linaganda kwenye mteremko na linachemsha kwenye mlima. Mimi mwenyewe nilitolewa thamostati kwenye gari langu la kwanza, gereji moja mjini hapa, bila kuambiwa. Nilihangaika nalo msimu mzima wa baridi, nikabadilisha mfuniko, nikabadilisha mkanda, mpaka siku nilipofungua kibweta na kukuta tundu tupu.

Kupima ni rahisi. Injini ikiwa baridi, washa, na kila dakika moja shika mpira wa chini wa rejeta kubwa. Thamostati nzima: mpira wa chini unabaki baridi kwa dakika nyingi huku injini ikipanda joto, kisha unapata moto baadaye kilango kikifunguka. Thamostati iliyokwama wazi au isiyokuwepo: mpira unaanza vuguvugu mapema na kupanda polepole pamoja na injini.

Ukiitoa, ipime sufuriani. Ining'inize kwa uzi isiguse chini, tia kipimajoto, bandika jikoni. Karibu na nyuzi 80 hadi 84 utaona pini ya katikati ikianza kusukuma na mwanga ukipenya pembeni. Hapa Arusha usisubiri ifunguke yote ukasema ni mbovu ikigoma: ya 82 inakusudiwa kuwa wazi kabisa kwenye nyuzi kama 95, na maji yetu yanachemka hapo hapo. Ikianza kufunguka palepale inapotakiwa na kufunga tena ikipoa, ni nzima. Ikiwa wazi wakati ni ya baridi, itupe.

Ukirudisha mpya, tazama kitundu kidogo chenye kipini kinachochezacheza pembeni mwa bati lake. Kipini hicho kiwe upande wa juu, ndiko hewa inakotokea. Raba yake iwe mpya. Chemchem ielekee kwenye injini. Nimeshuhudia iliyofungwa kinyume, na gari lilichemsha kabla halijafika Kisongo.

Ukikuta tundu tupu, nunua ya injini yako. Taja injini yenyewe, 1NZ, 1HZ au 1KZ, usitaje jina la gari peke yake.

7. Jaza maji na utoe hewa. Tafuta mteremko, Ilboru na Moshi ya juu haikosekani, upaki pua ya gari ikiwa juu. Injini baridi, mfuniko wazi, hita kwenye nyekundu. Mimina polepole mpaka shingoni. Mwombe mwenzako awashe. Bonyezabonyeza mpira wa juu wa rejeta na mipira ya hita, utaona mapovu yakipanda: gwala, gwala, kisha maji yanashuka. Ongeza. Endelea mpaka mapovu yaishe na upepo ndani ya gari upate moto. Maji yakianza kupanda shingoni kwa joto, funga mfuniko kabla hayajamwagika. Baadhi ya magari yana nati ndogo ya kutolea hewa kwenye bomba la juu. Ilegeze mpaka yatoke maji matupu, kisha ikaze.

Kesho yake asubuhi fungua tena uongeze. Watu wanasahau hii kesho yake, na jioni wananipigia kuniambia dawa haikufanya kazi.

Kuhusu maji yenyewe: ya kisima au bomba lenye chumvichumvi yanaacha utando, ule ule unaouona chini ya birika lako. Tumia kulanti, au maji ya dukani yasiyo na chumvi. Usichanganye kulanti kwa kufuata rangi tu, soma kopo; nyingine zikikutana zinaganda kama uji. Na usije ukatia asidi ya betri ukidhani ni "maji ya betri" yale safi. Chupa zinafanana.

8. Safisha rejeta ndogo. Kwanza koki. Kama gari lako lina koki ya hita kwenye mpira, kwa kawaida ya kuvutwa na waya kutoka dashibodi, mwambie mtu ageuze kitufe ndani huku wewe unaitazama. Isipocheza, waya umekatika au umechomoka. Koki ikiwa wazi na mpira wa upande wa pili bado baridi, rejeta imeziba.

Kinachoziba ni kutu, chumvi, na dawa za kuziba mvujo. Mirija ya rejeta ndogo ni myembamba kuliko ya kubwa, kwa hiyo chochote unachomimina kuziba tundu kinaanza kuziba hapo. Wapo wanaomimina hata manjano ya jikoni. Mwaka jana niligeuza maji kwenye Noah moja, yakatoka matope ya njano yenye harufu ya pilau, nusu beseni.

Injini ikiwa baridi, kinga beseni, legeza klipu. Mpira ulioganda usiuvute. Uzungushe kwanza kushoto na kulia mpaka uachie, maana bomba la rejeta ni jembamba na likivunjika hapo kazi inakuwa ya kushusha dashibodi. Chomeka mpira wa bustani kwenye bomba la kutokea, siyo la kuingilia, ili uchafu urudi ulikotoka. Fungua bomba kidogokidogo. Badilisha upande, rudia, mpaka maji yatoke meupe. Usitumie mashine ya presha ya kuoshea magari, utaipasua. Rudisha mipira, kisha hatua ya 7.

Maji yakigoma kupita kabisa, au yakipita kwa kudondoka, hapo ndipo rejeta ndogo inabadilishwa. Hapo tu.

9. Kilango cha upepo. Ndani ya dashibodi kuna kibati kinachochagua upepo upite kwenye rejeta au pembeni yake. Kinavutwa na waya au na mota ndogo. Zima redio, geuza kitufe kutoka bluu hadi nyekundu, sikiliza. Ukisikia tik-tik-tik inayojirudia, meno ya mota yameliwa. Kimya kabisa na kitufe ni chepesi mno, waya umechomoka. Kwenye magari mengi ukishusha boksi la mbele ya abiria unaona mkono wa plastiki; usogeze kwa kidole, na kama upepo unageuka moto palepale, umepata jibu bila kununua kitu.

Ukiwa bado umekwama

*Hita ni ya moto nikikanyaga mafuta, baridi nikisimama kwenye foleni.* Maji pungufu au hewa, karibu kila mara. Rudia hatua ya 7 kwa uvumilivu. Ikiendelea na maji yamejaa, shuku wota pampu.

*Mapovu hayaishi, nimetoa hewa nusu saa.* Simama hapo. Gesi ya injini inaingia kwenye maji, gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya injini na kichwa chake, inaweza kuwa imekwenda. Angalia kama mipira inakuwa migumu dakika chache tu baada ya kuwasha asubuhi, kama oili imegeuka rangi ya chai ya maziwa, kama moshi mweupe unatoka na hauishi hata gari likipata moto. Usiendelee kulitumia hivyo, hasa Prado ya 1KZ, hedi yake inapasuka kirahisi ikichemshwa.

*Kapeti la abiria limelowa.* Onja kwa pua, siyo kwa ulimi. Maji ya AC hayana harufu. Yenye harufu tamu na ya kuteleza vidoleni, pamoja na ukungu wa mafutamafuta kwenye kioo, ni rejeta ndogo inavuja.

*Upepo ni wa moto ila hauna nguvu.* Chujio la upepo nyuma ya boksi la abiria. Litoe ulikung'ute, kwa vumbi la huku utakuta lina kichanga, majani na wakati mwingine kiota cha panya.

*Feni haipulizi kabisa.* Hilo ni la umeme, anza na fyuzi. Mwongozo huu haukuhusu.

*Mbele moto, nyuma baridi.* Noah, Hiace na Prado nyingi zina hita ya pili nyuma, yenye rejeta na mabomba yake yanayopita chini ya gari. Mabomba hayo yanaliwa na kutu na mara nyingi yameshakatwa na kuzibwa. Lala chini, fuata bomba kwa tochi kuanzia kwenye injini mpaka uone lilipoishia.

*Hita inafanya kazi lakini kioo bado kina ukungu.* Washa na AC pamoja na hita, elekeza kioo cha mbele, na funga kitufe cha kuzungusha upepo wa ndani ili upepo uingie wa nje. AC inakausha upepo, hita inaupasha. Dakika mbili, tatu, kioo kinafunguka kuanzia chini.